Wageni wa Muda Mfupi na Wito wa Utumishi katika Milima ya Usambara

Neno wito latokana na kitenzi kuita, na kuita hakukamiliki pasipo kuitika. Aitwaye huitika, kisha huuliza ni nani aliyemwita na ameitiwa jambo gani. Katika Kiswahili cha makanisa neno hili limepata maana maalumu, yaani sauti ya Mungu imwambiayo mtu aache kwao na kwenda kuwatumikia wengine. Kwa sababu hiyo vitabu vingi vya historia ya misheni huanza na sauti iliyosikika Uingereza au Ujerumani, huenda na yule aliyeitika mpaka pwani ya Afrika ya Mashariki, na humtazama mwenyeji kama shamba lililokuwa likimngoja mkulima. Lakini wenyeji nao walikuwa na wito wao. Waliita, na walijua walilolitaka. Habari za Usambara tangu mwaka 1848 haziwezi kufahamika vema pasipo kusikiliza sauti hizo mbili pamoja.

Jambo hili si la zamani tu. Katika miaka ya karibuni imekuwa desturi kwa vikundi vya Wakristo wa Ulaya na Marekani kusafiri mpaka nchi za mbali kwa juma moja au majuma machache, wakajenga darasa, wakatibu wagonjwa, wakafundisha watoto, kisha wakarudi kwao. Robert Wuthnow, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, alikadiria kutokana na uchunguzi wa mwaka 2005 kwamba Wamarekani wapatao 1,600,000 walikuwa wakifunga safari za namna hiyo nje ya nchi yao kila mwaka. Wako wazisifuo safari hizo kuwa ni kuitika wito, na wako wazilaumuo kuwa ni matembezi yaliyovikwa nguo za ibada. Mabishano hayo mara nyingi huhesabu siku: mgeni alikaa muda gani? Historia ya Usambara yaonyesha kwamba hesabu ya siku peke yake haitoshi, na kwamba liko swali jingine lenye uzito zaidi.

Yafaa kwanza ifahamike nchi yenyewe ilivyo. Chini ya milima, katika bonde la mto Lwengera, uko mji mdogo wa Magoma katika wilaya ya Korogwe. Mtu asimamaye katika bonde hilo yuko kati ya sehemu mbili za milima: Usambara ya Magharibi upande mmoja, penye Vuga, Bumbuli, Lushoto na Mlalo, na Usambara ya Mashariki upande wa pili, ambayo nyuma yake iko nchi ya Wabondei na Magila karibu na Muheza. Kwa bahati ya historia bonde hilo laweza kuhesabiwa pia kuwa ni mpaka kati ya majirani wawili wa imani. Upande wa Magila walikaa Waanglikana waliotoka Unguja, na upande wa Mlalo na Vuga wakakaa Walutheri waliotoka Ujerumani. Uislamu nao ulipanda milimani kwa njia za biashara ya pwani, na Washambaa wengi ni Waislamu. Basi misheni haikuingia katika nchi tupu isiyojua dini wala elimu.

Mgeni wa kwanza wa misheni kufika Vuga alikuwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha Kianglikana cha Church Missionary Society. Alifika katika mwaka 1848 akitokea upande wa Mombasa, akarudi tena katika mwaka 1852 kwa njia ya Pangani. Wakati huo Usambara ilitawaliwa na Kimweri ye Nyumbai wa ukoo wa Wakilindi, mfalme ambaye amri yake ilifika mpaka pwani. Kimweri alimpokea Krapf kwa heshima na kukubali kwamba walimu waje. Katika mwaka 1853 mwenzake, J. J. Erhardt, alikaa katika nchi hiyo muda wa miezi michache. Lakini kituo kilichokusudiwa hakikujengwa. Krapf aliondoka Afrika ya Mashariki katika 1853, Erhardt akaondoka katika 1855, na chama chao hakikupata makao Usambara.

Kwa kipimo cha majengo na waumini, safari hizo tatu hazikuzaa kitu: hapana kanisa lililosimama, wala mtu aliyebatizwa, wala shule iliyofunguliwa. Hata hivyo hazikupotea bure. Krapf alikuwa amekwisha kupiga chapa sarufi ya Kiswahili katika mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ilitoka katika 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Erhardt alikusanya kwa wafanyabiashara wa pwani habari za bara, na kwa habari hizo ikachorwa ile ramani maarufu yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Ramani ilikosea umbo la ziwa, lakini iliwaamsha watu wa Ulaya kwenda kutafuta ukweli. Yaliyobaki baada ya wageni hao, basi, yalikuwa maneno waliyoyapokea kwa wenyeji na kuyaandika.

Na wenyeji walitaka nini? Katika Februari 1857 walifika Vuga wasafiri wawili Waingereza, Richard Burton na John Speke. Hawakuwa watu wa misheni, nao walikaa muda mfupi kabisa. Kimweri alikuwa mzee na mgonjwa, na jambo alilowauliza lilikuwa dawa. Burton aliliandika jambo hilo kwa kejeli, lakini msomaji ajuaye mila za Usambara hatalidharau. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na Washambaa na kuijua lugha yao, ameeleza kwamba katika fikira zao utawala wote ulipimwa kwa maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu aliiponya nchi kwa mvua na chakula. Wafalme walioshindana waliiharibu kwa njaa na vita. Mahali penye fikira za namna hiyo, mgeni atakaye kupokewa huulizwa kama yeye ni mponyaji au mharibifu. Hilo ndilo lililokuwa ombi la Vuga, nalo lilitolewa kabla Walutheri hawajafika milimani kwa zaidi ya miaka 30.

Katika mwaka huohuo wa 1857 sauti nyingine ilisikika mbali. Tarehe 4 Desemba David Livingstone alihutubia wanachuo wa Cambridge akiwasihi waikumbuke Afrika, na kutokana na wito huo kilizaliwa chama kilichojulikana kwa Kiingereza kama Universities' Mission to Central Africa. Watu wa chama hicho hawakupewa mshahara, ila matumizi ya kuwatosha. Jaribio lao la kwanza, katika nchi ya mto Shire, liliharibika, na Askofu Mackenzie akafa huko katika Januari 1862. Askofu William Tozer aliyemfuata akahamishia kazi Unguja katika mwaka 1864.

Tozer alifuatana na rafiki yake Edward Steere, kasisi wa Little Steeping katika Uingereza. Steere hakukusudia kukaa siku nyingi. Alikuja kumsaidia rafiki yake katika mwanzo wa kazi, kisha arudi katika mtaa wake. Naye kweli alirudi katika mwaka 1868. Lakini katika miaka hiyo michache alifanya kazi ambayo wengine hawaifanyi katika maisha mazima. Aliketi na watu wa Unguja na kuwauliza habari za lugha yao, akawafundisha vijana waliotolewa utumwani kazi ya kupiga chapa, na katika mwaka 1867 akatoa kitabu kidogo cha maneno na kanuni za Kishambaa. Kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili kilitoka katika 1870, na Hadithi za Kiswahili zilifuata. Alipoitwa mara ya pili akarudi Unguja katika 1872, akawekwa kuwa askofu katika 1874, akafa huko katika 1882. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja, ambayo yeye ndiye aliyeweka msingi wake, ilitoka katika 1891. Aliyekuja kwa muda mfupi alimaliza kwa kuzikwa katika nchi aliyoitwa.

Kutoka Unguja macho ya Tozer na Steere yaligeukia Usambara. Katika mwaka 1867 kasisi C. A. Alington alipanda mpaka Vuga kuomba mahali pa kukaa. Hakuruhusiwa kujenga katika mji wa mfalme, ila aliruhusiwa kukaa Magila, chini ya milima, na kazi ikaanza huko katika 1868. Kizuizi hicho chafaa kukumbukwa, kwa kuwa chaonyesha kwamba mwenyeji hakuwa mpokeaji asiye na neno. Aliita, lakini pia aliweka mpaka. Miaka ya kwanza ya Magila ilikuwa ya wageni wapitao: huyu alikuja akaondoka, yule akafa. Kazi ilishika mizizi alipofika J. P. Farler katika 1875 na kukaa miaka mingi.

Baada yake Herbert Woodward aliandika mafunzo ya Kibondei na ya Kizigula, na kukitengeneza upya kile kitabu cha Steere cha Kishambaa. Mtambo wa misheni huko Msalabani, yaani Magila, ulipiga chapa pia sehemu za Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi, Mwislamu aliyewahi kuishi katika baraza ya Semboja, mwana wa Kimweri. Kitabu hicho, kilichotolewa tena kizima katika mwaka 1962, ni miongoni mwa hazina za nathari ya Kiswahili. Mtambo ulioletwa kwa ajili ya kueneza Injili ulitumika kuhifadhi historia ya wenyeji iliyoandikwa na mtu wa dini nyingine. Tunda hilo hapana aliyelitazamia wakati Alington alipokuwa akipanda Vuga.

Upande wa magharibi kazi ilikuja kwa njia nyingine, na hapa ukweli mchungu haupaswi kufichwa. Chama cha misheni ya Kilutheri kwa ajili ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani kilianzishwa Berlin katika 1886 na watu walioshikamana na harakati za ukoloni. Kilipata moyo mwingine baada ya mwaka 1890, Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alipoingia katika uongozi wake. Yeye alikuwa mlezi wa nyumba za Bethel karibu na Bielefeld, ambako watu wenye kifafa na wagonjwa wengine waliohesabiwa kuwa mzigo walitunzwa na mashemasi wa kiume na wa kike. Katika 1891 vijana wawili, Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, walifungua kituo cha Mlalo. Vuga ilifuata katika 1895, na Bumbuli katika 1899. Lakini mwaka uleule wa 1895 serikali ya Kijerumani ilimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga. Kule ambako zamani mgeni alinyimwa ruhusa ya kujenga, sasa alijenga mtawala akiwa amekufa kwa kamba ya Wajerumani. Kila asifiaye kazi ya Vuga yampasa aukumbuke mwaka huo.

Pamoja na hayo, katika Bethel kulikuwa na kitu kilicholingana na ombi la zamani la Kimweri. Katika 1896 nyumba ilijengwa Lutindi kwa ajili ya watoto waliotolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba hiyo ikageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Hata leo ni hospitali ya kazi hiyo. Bumbuli nako kukawa na hospitali, na Irente, karibu na Lushoto, shule ya wasioona ilifunguliwa katika miaka ya 1960. Katika nchi ambayo ubora wa uongozi hupimwa kwa kuponya, yamkini nyumba hizo zilisema zaidi ya mahubiri mengi.

Upande wa lugha, Mlutheri wa kukumbukwa ni Karl Roehl. Alikaa Usambara, akatoa sarufi ya Kishambaa katika 1911, kisha akashika kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili, iliyotoka nzima katika 1937. Roehl alitaka kupunguza maneno ya asili ya Kiarabu na kuweka mahali pake maneno yenye asili ya Kibantu, akiamini kwamba watu wa bara wangeyafahamu kwa urahisi zaidi. Wataalamu wa Kiswahili cha pwani hawakukubaliana naye, na tafsiri ya pamoja iliyotolewa katika 1952 ilifuata njia nyingine. Mwenye kuihukumu Biblia ya Roehl afaa akumbuke kwamba masikio yake yalizoezwa milimani, kati ya watu ambao Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya pili. Hata makosa yake, kama ni makosa, ni ya mtu aliyekaa na kusikiliza.

Hata hapa wametajwa zaidi wageni. Lakini kundi kubwa la walioitika wito lilikuwa la Waafrika wenyewe. John Swedi, mmoja wa wavulana wa kwanza waliokabidhiwa kwa misheni Unguja baada ya kutolewa utumwani, alikuwa shemasi katika 1879. Cecil Majaliwa, aliyetoka pia katika utumwa, alikuwa kasisi katika 1890. Johanssen alipokwenda kuanzisha kazi katika nchi ya Ruanda katika mwaka 1907, alifuatana na Wakristo wa Usambara. Hao nao walikuwa wageni katika nchi ya watu, wenye kujifunza lugha ngeni na kula chakula kigeni. Hivyo miaka 16 tu baada ya Mlalo kufunguliwa, Usambara haikuwa tena mahali pa kupelekewa watumishi tu. Ilikuwa mahali pa kutoka watumishi.

Jaribio kubwa lilikuja wakati wa vita. Katika 1916 majeshi ya Waingereza yaliiteka Usambara, na katika 1920 Wajerumani wa misheni waliondolewa nchini. Hawakuruhusiwa kurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Wakati huo shule na sharika zilikuwa mikononi mwa walimu Washambaa. Vita vya pili vilipoanza katika 1939 Wajerumani walikamatwa tena, na Walutheri wa Marekani wakapokea sehemu ya kazi zao. Mara mbili mgeni aliondolewa ghafula, na mara zote mbili kanisa lilibaki. Katika mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, na Usambara ikawa sehemu ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki yenye makao yake Lushoto. Baadaye dayosisi hiyo iliongozwa na mzalendo, Askofu Sebastian Kolowa, aliyefariki katika 1992, na ambaye jina lake lilipewa chuo cha elimu ya juu kilichofunguliwa Magamba katika 2007.

Mambo haya yakiwekwa pamoja, swali lile la kwanza laonekana kwa sura nyingine. Krapf alikaa majuma machache, Erhardt miezi, Steere katika safari yake ya kwanza miaka michache, na kila mmoja aliacha kitu. Wako pia waliokaa siku nyingi chini ya ulinzi wa serikali ya kigeni ambao kukaa kwao kulimwelemea mwenyeji. Tofauti kati ya mgeni mwenye faida na asiye na faida haikutokana na urefu wa muda tu. Ilitokana na mambo matatu: kama alikubali kufundishwa kabla ya kufundisha, kama alisikia alichoombwa, au alileta alichopenda kuleta, na kama alichoacha kiliweza kutumiwa na mwenyeji siku ambayo yeye hayupo.

Kipimo hicho chawahusu pia wasafiri wa majuma mawili wa siku hizi, na hakuna haja ya kuwaonea wala kuwapendelea. Kurt Ver Beek, mchunguzi wa Marekani, alilinganisha nyumba zilizojengwa Honduras baada ya tufani ya 1998. Aliona kwamba kundi la wageni lilitumia kiasi cha dola 30,000, nauli zikiwamo, pale ambapo mafundi wa nchi walijenga nyumba kwa dola 2,000 hivi, na waliopewa nyumba hawakuona tofauti kubwa kati ya mjenzi huyu na yule. Katika mambo kama hayo mikono ya mgeni ni ghali na haina ya ziada. Lakini daktari afikaye Bumbuli kwa majuma machache, akamwachia mganga wa pale ujuzi ambao hakuwa nao, hawezi kuhesabiwa pamoja na yule apakaye rangi ukuta ambao kijana wa kijiji angeupaka kwa ujira.

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika Usambara jembe la kwanza ambalo mgeni alipewa lilikuwa lugha. Waliolishika, hata kwa siku chache, waliacha sarufi, kamusi, tafsiri na vitabu vya historia ambavyo wataalamu bado wavitumia. Waliolikataa waliacha kuta. Na kwa vile lugha haifundishwi na mtu asiyekuwapo, nyuma ya kila kitabu cha Krapf, cha Steere, cha Woodward na cha Roehl wamo Waafrika walioketi wakajibu maswali, wakasahihisha matamshi na kucheka makosa. Wengi wao hawakutajwa majina katika jalada. Kazi iliyobakia kwa wanahistoria wa lugha ni kuwatafuta katika daftari na barua za misheni, kwa kuwa wao pia waliitwa, nao waliitika bila kusafiri.